Njia ya Mita Sita

Thoya alipokuwa akiugua, alimwita mkewe Dhahabu. "Msinizike katikati ya kiwanja," alimwambia. "Nilazeni kandokando, watoto wapate pa kugawana."

Wakamzika hapo hapo kwao Kisauni, kwenye mpaka wa kulia. Lewa, mwanawe mkubwa, aliandika jina kwa kijiti kwenye saruji mbichi.

Baada ya miaka minne wakaanza kugawa. Lewa na mama yao wangebaki mbele, penye nyumba ya zamani, na Kai, mdogo wake, angejenga nyuma. Kai alikuwa amepanga chumba kimoja Bombolulu na watoto watatu, na kibali cha kujenga hakitoki bila hati ya kiwanja chako mwenyewe.

Jumatatu moja Justus, mpima ardhi, akaja na faili kwapani.

"Ramani imerudishwa, mama. Kiwanja cha nyuma lazima kiwe na njia ya mita sita. Kati ya nyumba na kaburi mna tatu na nusu."

"Mkokoteni wa maji si hupita hapo?"

"Kaunti haiulizi mkokoteni, mama. Inauliza gari la zimamoto." Akashusha sauti. "Kaburi likihamishwa, njia imepatikana."

"Baba ahamishwe kama kabati?" Lewa alifoka. Kai aliinamisha kichwa.

Dhahabu akacheka kidogo. "Mtu huyu! Hata kufa hakukumfundisha kupisha wenzake." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Pima upande wa pili."

Justus aliivuta futi kutoka ukingoni mwa kaburi, akaipitisha dirishani, akaingia ndani kuishika. Mita sita zikaishia juu ya kitanda.

"Ni chumba chako, mama."

"Nakijua. Nimezalia humo."

"Mama, acha," Kai akasema. "Nitaendelea kupanga tu."

"Na wanao watalala wapi wakikua?"



Ramani mpya ilipopitishwa, fundi akaja kuvunja. Dhahabu alikuwa amekwishahamishia kitanda sebuleni. Alisimama nje hadi ukuta wa mwisho ukaanguka, akaomba apewe bawaba za mlango, kwa kuwa Thoya ndiye aliyezifunga.

Mwezi uliofuata lori la kwanza la mawe ya Kai lilipita pale kilipokuwa kitanda. Dhahabu alingoja vumbi litulie, kisha akachukua ufagio, akaenda kulifagia lile jina.