Mke Mwenza wa Mama

Baba alikuwa akimwitikia paka upesi kuliko alivyomwitikia mama. Paka akilia juu ghorofani, baba huko chini barazani huitika "Naam!" kama aliyeitwa na mkubwa wake, kisha huacha kahawa yake na kupanda ngazi. Mama akimwita kula humwita mpaka wali upoe. Ndipo mama alipompa paka yule cheo chake katika nyumba yetu: mke mwenza.

"Nenda, mkeo mdogo anakwita," humwambia baba, mkono kiunoni. "Mie nlokuzalia watoto n'taita mpaka kesho."

Hakuwa paka wa hapa. Paka wa Mji Mkongwe twawajua sote: wana mabaka, masikio yamechanika kwa ugomvi, hawana mwenyewe na kila nyumba ni yao. Huyu alitoka Mbweni, kwa bibi mmoja wa Kizungu ambaye baba, fundi wa mafriji, alikuwa akimtengenezea friji kila likizima. Bibi yule alipougua na kuamua kurudi kwao, alimwomba baba amchukue paka wake. Baba akaingia nyumbani na kikapu, na humo kikapuni ikatoka sauti ambayo mama aliidhania ya mtoto mchanga.

"Umekwenda kutengeneza friji au umekwenda kuoa?" akauliza, na baba akacheka mpaka akakaa kitako.

Tulipofunua kikapu, hatukujua tumsifu au tumhurumie. Uso wake ulikuwa wa pembetatu kama sambusa, mwembamba mdomoni, mpana juu, na masikio makubwa kupita kiasi. Mwili mrefu, miguu mirefu, mkia mwembamba uliochongoka, manyoya mafupi yaliyolala yakang'aa, rangi ya halua kuanzia pua mpaka mkia. Macho yake ya kijani yalikaa mshazari. Watoto wa mtaani walipomwona dirishani walipiga kelele kwamba tunafuga popo.

Baba alitueleza asili yake kama mtu anayeeleza nasaba ya bibi harusi, kwa yale aliyoyasikia Mbweni. Mizizi yao ni Siam, nchi ambayo siku hizi inaitwa Thailand. Huko walikuwapo paka wembamba, miili yao myeupe na nyuso zao nyeusi, na watu husema walifugwa mpaka katika nyumba za wafalme. Wazungu wakawachukua kwao, wakawapandisha na paka wao wa kawaida, na katika vizazi wakapata hawa wa rangi moja mwili mzima. Kisha wakawaita paka wa Mashariki.

"Mashariki gani, na kazaliwa Ulaya?" mama akauliza.

"Kama sie," baba akajibu. "Twaitwa Waarabu, na hiyo Arabuni sijaiona hata kwa dirisha la ndege."

Bibi wa Mbweni alikuwa amemwonya jambo moja. Paka hawa si wa kuachwa peke yao. Huchagua mtu mmoja, wakamfuata, wakamsemesha kutwa, na wakimkosa huumia. Sisi wengine tulimpa samaki, akala, akashukuru kwa kutupa mgongo. Lakini baba alipokaa, alipanda pajani. Alipolala, aliingia ndani ya msuli wake, ule wa zamani wa kijani aliojifunga kiunoni nyumbani, akatafuta joto kwenye tumbo la mzee. Baba akienda kutia udhu, hukaa mlangoni akinung'unika mpaka atoke. Nilimwonea wivu, sisemi uongo. Mimi ndiye binti wa mwisho, na nafasi ile ya pajani ilikuwa yangu kwanza.

Baba alifariki asubuhi moja akiwa amekaa barazani, kikombe mkononi. Moyo tu, ukasimama. Alasiri tukawa tushamzika.

Wakati watu wamejaa na Kurani inasomwa, paka alikuwa amefungiwa chumba cha juu, na alikuwa akiita. Aliita kama alivyoita siku zote, akinyamaza kidogo kusubiri jibu, kisha akaita tena. Mimi ule ukimya wa kusubiri ndio ulionikata maini.

Mama akakaa eda. Nguo nyeupe, hakuna mafuta wala udi, hatoki mpaka miezi yake itimie. Na paka naye hakutoka. Siku moja alilia juu ya ngazi, na mama, pale alipokaa juu ya mkeka wake, akamwitikia: "Naam!" Paka akaja mbio, mkia juu. Alipofika mlangoni akamtazama mama, akatazama nyuma ya mama, akageuka akarudi taratibu. Mama akajifunika uso kwa ushungi.

Kula, paka aliacha baada ya nguo za baba kutoka. Kwetu nguo za maiti hazikai, hutolewa sadaka, na shangazi, dada yake baba anayekaa Michenzani, ndiye aliyezikusanya zote akampa mzee wa Mtoni aliyemwosha baba. Na ule msuli wa kijani ukaenda. Paka akaanza kulala juu ya kitanda kitupu, halafu chini yake. Daktari wa mifugo alimpima, akasema haoni ugonjwa, ila tumpatie kitu chenye harufu ya mtu wake. Nikapekua nyumba nzima. Shangazi alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno, hata foronya alikuwa ameitoa.

"Nakwenda Mtoni kuuomba," nikamwambia mama.

"Sadaka hairejeshwi," akasema. Kisha akachomoa pesa chini ya mkeka. "Mnunulie yule mzee mwengine mpya. Usende mikono mitupu."

Mzee muoshaji alinipokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikampa ule msuli mpya, nikaanza kueleza habari ya paka huku naona haya. Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na msuli umekunjwa.

"Sadaka yenu ishapokelewa, mwanangu," akasema. "Hii sasa yangu, na mie nnakupa weye. Hujarejesha kitu."

Sikungoja kufika nyumbani. Nilipofika njiani niliufunua nikautia usoni. Ulinukia sabuni na udi. Shangazi, kwa kumheshimu kaka yake, hakutaka nguo zake zitoke zikiwa chafu. Alikuwa amezifua na kuzifukiza kabla ya kuzitoa. Hakuna aliyekosea. Na ndipo nikajua kwamba sikwenda Mtoni kwa ajili ya paka peke yake. Nililia njiani watu wakinitazama, na sikujali.

Nikamtandikia hata hivyo. Akaunusa pembe moja, akaunusa katikati. Akanyanyua kichwa akaniangalia kwa yale macho ya kijani, kama nimemletea mgeni. Kisha akarudi chini ya kitanda.

Tulimlisha kwa kijiko, supu ya samaki changu, maziwa, akaacha yakamwagika pembeni mwa mdomo. Mama aliyekuwa akimfukuza jikoni kwa kanga alilala sakafuni karibu naye, akimsema: "Kula basi, mke mwenzangu. N'takaa na nani mie?" Shangazi alipokuja na kumwona, alikaa juu ya ngazi, hakugusa hata chai.

Paka alikufa mchana, huku adhana ya adhuhuri imeanza. Mama mwenyewe ndiye aliyemfunga ndani ya msuli, akaukunja pembe kwa pembe polepole, akamtia kwenye kikapu kile kile alichokuja nacho. Mimi na shangazi tulikuwa tumepanga kumpeleka kumzika Mbweni, alikotoka.

Mama alitusindikiza mpaka juu ya ngazi, mwisho wake pale, kwa sababu ya eda. Aliweka mkono juu ya kikapu.

"Mwenzangu katoka eda mbele yangu," akasema, akijaribu kucheka.

Kicheko hakikutoka. Tulipofika chini mlangoni nikamsikia akimwita baba kwa sauti kubwa, mara moja, kama alivyomwita kula. Kisha akanyamaza kidogo, akisubiri.