Neno la Upande Mmoja

Dorosela alikuwa amechoka kiasi cha kusaini chochote. Miaka yote ya kulima viazi kijijini Yakobi na kuviuza Makambako ilikuwa imeishia magotini. Sasa alitaka jambo moja tu: amwachie Danford, aliyetafuta pa kujenga, shamba lile, naye achukue nyumba ya Danford kule Mahongole, afungue genge mlangoni, auze akiwa amekaa.

Kwa mdomo walishakubaliana. Kilichobaki ni wakili, kijana wa Njombe mjini aitwaye Benno, aliyeandika mkataba kwa Kiingereza kisha akaanza kuwatafsiria. Mahali fulani akapita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Rudi hapo," Dorosela akasema. "Umeruka nini?"

"'Forthwith', mama. Lugha ya kisheria tu."

"Inafanya kazi gani?"

Benno akakuna shingo. "Ni kusema mara moja, bila kuchelewa. Ukishasaini, unakabidhi shamba palepale."

"Na viazi vyangu?"

Viazi vilikuwa bado ardhini, ngozi laini, ukivisugua kwa kidole vinachubuka. Kuvichimba sasa ni kuvitupa. Na kwao aliyepanda huachiwa avune, hata shamba likishapata mwenyewe mwingine. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo, maana hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mama Ema, fundi wangu ananisubiri," Danford akamwambia. "Nataka msingi uwahi mvua."

Dorosela hakubishana. Neno lile alilijua hata kama hakulijua: lilikuwa lumbesa, kile kilemba ambacho wanunuzi hukilazimisha juu ya gunia lililokwisha kujaa, halafu wanakuambia ndiyo kawaida.

"Wakili, kwenye nyumba ya Mahongole umeliandika?"

Benno akapekua. "Hapana. Pale nimeandika atakabidhi, basi."

"Liweke na pale."

"Hilo halina shida." Akachukua kalamu.

Danford akamshika mkono. Ndani ya nyumba ile alikuwa akiishi Jenifa, mama mkwe wake, ambaye Danford, kwa heshima ya ukwe, hata kumtazama usoni alikuwa akiona haya.

"Ngoja kwanza, wakili."

"Angoje nini?" Dorosela akauliza. "Si lugha ya kisheria tu?"

"Mama Ema, yule ni mkwe wangu. Nitamwambiaje atoke leo?"

"Mwambie 'forthwith'."

Benno akajifanya kukohoa. Danford akaangalia dirishani, akamfikiria fundi na msingi wake.

"Futa," akasema mwishowe. "Andika viazi vikishachimbwa, na mkwe akishapata pa kuhamia, ndipo tunakabidhiana."

Dorosela akasaini.

Nje upepo ulikuwa wa baridi, na magoti yakamkumbusha alichoshinda: kupalilia tena, kupulizia dawa, kuinama kuchimba, kubeba. Angekaa kimya mle ndani, leo asingekuwa tena na shamba la kuinamia.

Akapita dukani kununua dawa ya ukungu, akapunguziwa bei kidogo, akashika njia ya Yakobi.