Mama Alipofungwa Italia

Juzi nilipita Soko la Toi nikaona jezi kuukuu ya Italia imetundikwa. Nikamkumbuka mama.

Mwaka wa korona alikuwa huko, akimtunza bibi kizee mmoja. Mimi nilibaki mtaani kwetu Mashimoni na shosho, mama yake mama. Alasiri moja alipiga simu wakati shosho anakaanga visamaki vya omena, na nyumba yote ilinuka mafuta ya moto.

"Tumefungwa, Mama," alimwambia shosho. "Nchi nzima. Watu wanaimbia madirishani."

Kwetu mtu aliyefungwa alikuwa jela, kama baba yake rafiki yangu Otieno. Kwa hiyo nikauliza kwa sauti, "Mama, uliiba nini?"

Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na akakohoa muda mrefu. Shosho alizima jiko, akashika simu kwa mikono miwili.

Nilitoka nje nikamwambia Otieno.

"Wacha uongo," alisema. "Kama nchi nzima iko ndani, askari ni nani?"



Baada ya siku chache shosho aliambiwa mama amefariki. Sikulia. Niliuliza kama sasa wangemwachilia aje nyumbani.

"Hapana, mjukuu wangu. Watamzika hukohuko."

Siku hizi najua ni ugonjwa uliowafungia watu majumbani. Wakati ule nilidhani hajamaliza kifungo chake.