Masoudi na Filamu Isiyo na Ngumi

Ukuta unaotenganisha cherehani yangu na banda la video la Mama Eunice ni wa mabanzi, na mabanzi yenyewe yana nyufa. Kwa hiyo filamu zote zilizooneshwa pale tangu nipange chumba hiki hapa Mbinga mjini nimezisikia, hata zile nisizozitaka. Sura za mastaa sizijui. Ninachokijua ni sauti ya Masoudi.

Masoudi ndiye mtafsiri wa banda. Hukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya televisheni, kofia yake nyeupe kichwani, kipaza sauti mkononi, na kila anayefungua mdomo kwenye kioo, awe Mmarekani, Mchina au Mhindi, hutoka na sauti yake. Msichana anayelia ni Masoudi. Polisi ni Masoudi. Mbwa, ikibidi, ni Masoudi. Baba yake alikuja huku kutoka Kilwa kuuza vitenge, akaoa, akabaki. Mtoto duka lilimshinda, lakini maneno hayakumshinda hata siku moja.

Ana ubaya wake mmoja. Majambazi wa filamu huwabatiza majina ya watu waliomuudhi wiki hiyo. Baltazar aliwahi kumuuzia gunia la mkaa lenye unyevu, na Jumapili iliyofuata Baltazar akapigwa risasi juu ya treni, watu wakashangilia. Mimi nilimcheleweshea suruali ya sikukuu ya Idi, nikaanguka kutoka ghorofani nikiwa na jicho moja. Nilisikiliza kifo changu kupitia ukutani, mkasi mkononi. Nilinuna wiki nzima, kisha Jumapili ikafika nikatega sikio kujua ni zamu ya nani.

Basi mwaka huu, msimu wa kahawa ulipoanza na watu kuwa na chochote mfukoni, mpwa wa Mama Eunice akaja kutoka Dar es Salaam na flashi imejaa filamu zilizokwisha kutafsiriwa. Akamwambia shangazi yake kwamba wale watafsiri wa mjini wanajua Kiingereza kweli, si kubahatisha. Mama Eunice si mtu mbaya. Ila anapenda vitu visivyougua mafua wala kuomba ruhusa ya msiba, na flashi ni mojawapo.

Alimwita Masoudi mlangoni kwangu, kana kwamba mimi ni kabati.

"Masoudi mdogo wangu, Jumapili hii chagua filamu yoyote unayoitaka. Watu wakikaa mpaka mwisho, unaendelea na kazi. Wakianza kutoka, unaweka kipaza sauti mezani, mimi nachomeka flashi. Tusigombane."

"Hatutagombana, dada," alisema Masoudi, na sauti ile iliyozoea kulipua madaraja ilikuwa ndogo kabisa.

Mtu mwenye akili angechagua filamu ya ngumi tangu mwanzo hadi mwisho. Kesho yake Masoudi alinijia na diski ya zamani, kasha lake limepauka.

"Fundi, ya Jumapili nimeipata. Ni ya kuchekesha. Inahusu watu wa televisheni, enzi zile inaanza. Hawakuwa na habari ya kurekodi. Mchezo unachezwa, na hapohapo nchi nzima inaona. Ukikosea, umekosea."

"Kuna ngumi?"

"Hakuna."

"Bunduki?"

"Ipo ya mbao. Inavunjika."

Nilimwambia anajichimbia kaburi mwenyewe. Hakukasirika. Akaniambia huiangalia filamu hiyo nyumbani akiwa na mawazo, na hucheka mpaka mkewe Subira humfungia mlango asiamshe watoto.

"Wale ni watu kama mimi, Fundi," alisema. "Wanafungua mdomo kabla hawajajua watasema nini."

Jumapili, baada ya Misa ya pili, banda lilijaa. Mimi nilibaki kwenye cherehani. Nilikuwa na hofu kama vile ni mimi ninayefukuzwa kazi, na mtu mwenye hofu ni afadhali ashone. Filamu ikaanza. Muda si mrefu nikasikia mabenchi yanalia na mtu anauliza kwa sauti ngumi ziko wapi.

"Ndugu zangu," ilisema sauti ya Masoudi, "mnaikumbuka ndoa ya Tobias? Pete ilidondoka ikaviringika mpaka chini ya kinanda. Padri alisema turudie kuanzia mwanzo? Hakusema. Tobias alipiga magoti na suti yake mpya, akatambaa, akaitafuta, na kwaya ikaongeza ubeti. Sasa hawa Wazungu kila wiki wanafunga ndoa ya Tobias, na nchi nzima imealikwa."

Banda lilicheka. Suti ile niliishona mimi, kwa hiyo sikucheka sana.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Mlango wa nyumba ya kuigiza ukakataa kufunguka, mume akaingia dirishani na kumsalimu mkewe kama vile ndiyo desturi ya ukoo wao. Ukuta ukaanza kuanguka, mpishi akauegemea kwa mgongo huku anaendelea kugawa supu. Maiti akapiga chafya mbele ya wafiwa. "Samahanini," alisema Masoudi kwa niaba yake, "bado sijafa vizuri." Nilisikia watu wakipiga mapaja. Nilishona mkono wa blauzi kwenye shingo.

Halafu banda likanyamaza.

Tangu nimfahamu, Masoudi hajawahi kunyamaza filamu ikiwa inaendelea. Nilijua amekufa. Niliacha blauzi nikakimbilia kule.

Hakuwa amekufa. Kwenye kioo alikuwa amesimama yule mwigizaji mkuu, peke yake, uso umejaa kioo chote. Maneno yalikuwa yamemtoka kichwani, na nchi nzima inamwangalia. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai. Masoudi alikuwa ameshusha kipaza sauti na kumtazama kama mtu anayemtazama nduguye akivuka mto uliojaa. Hakuna aliyekuwa anacheka. Mama Eunice alisimama mlangoni, flashi shingoni kwa kamba.

Kwenye benchi la mbele aliinuka Bibi Tadea. Alikuwa amekuja kutoka Lituhi, ziwani, kumwona mjukuu wake aliyejifungua, na enzi zake kule pwani ya Nyasa alikuwa kiongozi wa kioda, ngoma ya akina mama. Alifungua kitenge chake cha juu, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaanza kumfuta yule Mzungu jasho.

"Bibi, kaa, tunaona kisogo," alisema mtu nyuma.

"Kwetu mchezaji akitokwa jasho anafutwa," alijibu bila kugeuka. "Kijana analoa mbele ya nchi nzima, na ninyi mmekaa mnatafuna karanga."

Alikuwa bado anafuta paji la uso wakati midomo ya yule mtu ilipocheza. Alisema neno fupi, taratibu, akiwa amemkazia macho. Masoudi alibonyeza rimoti, picha ikasimama. Bibi Tadea akageuka.

"Mwanangu, amesema nini?"

Masoudi alisimama wima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Amesema nini?"

Najua alikuwa na hotuba yake tayari, ndefu, yenye kuliza watu. Nilimwona akivuta pumzi ya kuianza. Lakini bibi alikuwa amesimama mbele yake na kitenge mkononi, anauliza kwa nia, na pumzi ile ikatoka bila kitu.

"Sijui, bibi," alisema. "Kiingereza sikijui. Sijawahi kukijua."

Akaweka kipaza sauti mezani yeye mwenyewe. Niliumia moyo, na siwezi kusema vinginevyo.

Kwenye benchi la pili Mwalimu Joakim, anayefundisha Kiingereza sekondari na hakosi hapo Jumapili, alikohoa kidogo.

"Masoudi," alisema, "tunajua."

"Mnajua nini, mwalimu?"

"Kwamba hukijui."

"Mimi nilijua siku ile niliyopigwa risasi kwenye treni," alisema Baltazar. "Wazungu wamtoe wapi Baltazar wa mkaa?"

Watu wakaitikia, mmoja huku, mwingine kule, bila kelele, kama wanaotoa pole. Kisha wote wakageuka kumtazama Mama Eunice. Alichezea ile kamba ya shingoni.

"Hata mimi nilijua," alisema. "Ila nilidhani ninajua peke yangu, na mkigundua mtanidai viingilio vyenu."

"Sasa huyu kijana amesema nini?" aliuliza Bibi Tadea, ambaye hayo mengine hayakumhusu.

Mama Eunice alikichukua kipaza sauti mezani, akampa Masoudi. "Mjibu bibi. Filamu haijaisha."

Masoudi alimgeukia yule mtu kwenye kioo. Kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ukutani kwangu:

"Anasema, 'Jamani, maneno yamenipotea. Msiondoke.'"

Bibi Tadea akaridhika, akarudi kukaa. Hakuondoka mtu, na mimi nilibanana nao mpaka mwisho, blauzi ya watu ikiwa na mkono shingoni.

Jumatatu Mwalimu Joakim alipitia suruali yake. Nikamuuliza yule Mzungu alisema nini hasa.

"Alisema viatu vinambana."

Aliikunja suruali taratibu, akaitia kwenye mfuko.

"Lakini nilipofika nyumbani," alisema, "mke wangu aliponiuliza, nilimwambia ile ya Masoudi."