Usingizi Wangu Mbele ya Baraza

Mwaka 1954, kiangazi kilipokuwa kimeanza na kahawa ikikauka kwenye mikeka, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mjane wa mwaka mmoja na miezi miwili. Tangu tumzike mume wangu sikuwa nimepata usingizi unaostahili kuitwa hivyo. Jambo hilo lingebaki langu peke yangu kama shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, asingeligeuza kuwa hoja. Aliwaambia wazee wa ukoo, hapo kwetu Nyakasimbi, kwamba mwanamke asiyelala ni mwanamke anayehitaji mume, na kwamba yeye yuko tayari kunirithi. Angenirithi mimi pamoja na kibanja, yaani migomba yote na kahawa ambayo mume wangu aliwapandia watoto wetu wawili. Nilikataa. Akanishtaki kwenye baraza la gombolola, mahakama ya eneo letu, na kesi ikapangiwa Jumatatu, tarehe 2 Agosti.

Wakati huohuo ilitangazwa kanisani kwamba daktari Mzungu wa hospitali ya misheni anatafuta watu kumi na wawili wasiolala, ili aipime dawa mpya ya usingizi. Nilikwenda nikamwomba jambo moja: nikipona, aniandikie barua ya kupeleka barazani. Alikubali. Alitueleza wazi kwamba sita kati yetu watapewa vidonge vya dawa, na sita vidonge vya sukari vinavyofanana navyo kabisa. Hata dresa wake, yaani msaidizi wake wa kuhudumia wagonjwa, hatajua nani anameza nini, kwa kuwa orodha imefungwa ndani ya bahasha. Mfugaji mmoja kutoka Kamuli, mzee mwenye wake wawili na asiye na haraka ya kubatizwa, aliuliza kama anaweza kupewa vya aina zote mbili. Alikatazwa.

Tulianza kulala hospitalini Jumatatu, tarehe 7 Juni. Kila asubuhi dresa, Mhaya wa Bukoba mwenye adabu nyingi, alipita kitanda hadi kitanda na daftari lake, akiuliza kwa upole, "Umelalaje?" Sasa, kwetu Karagwe, kama ilivyo kwao Bukoba, hayo si mahojiano. Ndiyo salamu ya asubuhi, na jibu lake ni moja tu: vizuri. Anayejibu vinginevyo ama amefiwa usiku huo, ama anamtukana mwenyeji aliyempa kitanda. Kwa hiyo sote kumi na wawili, macho yakiwa mekundu, tulijibu "Vizuri," naye akaandika kwamba tumelala vizuri. Ikawa hivyo asubuhi kumi na nne. Jumapili, tarehe 20, tulisinzia ibada nzima, na mzee wa Kamuli akakoroma hadi mhubiri akangoja amalize. Daktari alitutazama kwa mashaka, lakini daftari lilikuwa limeandikwa.

Jumanne, tarehe 22 Juni, alinipa barua yangu. Nilikuwa nimeanza darasa la watu wazima mwezi wa Januari, nikaisoma mwenyewe palepale mlangoni, kidole kikitambaa chini ya maneno: "Mama huyu amelala vizuri siku zote kumi na nne." Ilikuwa sentensi ya kwanza maishani mwangu kuisoma bila msaada wa mwalimu, nayo ilikuwa uongo, tena uongo juu yangu. Ingeniokoa barazani, hilo nililijua. Lakini sikuwa nimejikunja kwenye dawati la watoto miezi yote ile ili nije nibebe uongo mkononi.

"Bwana Daktari," nilisema, "barua hii si ya kweli. Mimi silali."

Dresa alifungua daftari. "Mama, umeniambia mwenyewe, mara kumi na nne!"

"Ulinisalimu, nikakuitikia. Ulitaka nikujibu vibaya, na chakula chako nimekula, na kitandani kwako nimelala?"

"Kitanda cha hospitali!" dresa alimgeukia daktari kwa hofu. "Cha hospitali, Bwana Daktari!"

"Hata mimi silali," alisema mzee wa Kamuli. "Lakini bwana huyu anaamka, ananawa uso, anakuja kunijulia hali kama mtoto wa watu. Nimvunje moyo asubuhi yote hiyo?"

Daktari aliichana barua, akaanza utafiti wake upya.

Kuanzia tarehe 28 Juni hakuna aliyetuuliza neno. Baada ya uji, kila mtu alitumbukiza kwenye kopo lake harage kama amelala, jiwe kama hakulala. Jumatatu, tarehe 12 Julai, makopo yalimwagwa mezani na bahasha ikafunguliwa. Waliomeza dawa walikuwa na maharage mengi, isipokuwa mzee wa Kamuli, aliyeimeza kwa uaminifu akaambulia harage moja. Mimi nilikuwa wa sukari: maharage manne, mawe kumi. Barua yangu mpya ilisema hivyohivyo.

Tarehe 2 Agosti niliikabidhi barazani. Dresa alikuja kuwa shahidi. Karani alipomaliza kuisoma, shemeji alisimama akitabasamu.

"Mheshimiwa, mmesikia! Hata hospitali imekiri. Shemeji yangu halali kwa kukosa mume."

Mkuu wa gombolola alimgeukia dresa. "Katika watu wenu, nani alilala kidogo kuliko wote?"

"Mzee mmoja wa Kamuli, Mheshimiwa. Siku moja tu."

"Ana mke?"

"Anao wawili."

Wanawake waliokaa nyuma walicheka kabla wanaume hawajaruhusiwa kucheka.

"Lakini yule ni mwanamume!" shemeji alipaza sauti.

"Na wanawake walioshindwa kulala?" mkuu aliuliza.

"Wanne, Mheshimiwa. Watatu wana waume zao nyumbani."

Mkuu alimtazama shemeji yangu bila ukali wowote. "Bwana, dawa unayoileta hapa, wenzako wamekwisha kuimeza. Mmoja amepewa dozi mbili kwa mpigo, na tumesikia hali yake. Kaa chini."

Karani aliandika kwamba kibanja ni cha mjane na wanawe, kwamba ombi la kumrithi limekataliwa, na kwamba usingizi wake ni shauri la daktari. Ilikuwa saa sita na robo mchana.