Siku Mbili za Kula Nje

Ilianza Ijumaa tarehe 3 Julai 2015, saa kumi na moja alfajiri, mama aliponigusa begani akaniambia nishike upande wa pili wa lile sanduku la barafu. Lilikuwa zito. Ndani aliweka sombe, yaani majani ya muhogo, aliyoitwanga mwenyewe na kuigandisha kwenye friza, dagaa wakavu tunaowaita ndagala, chupa ya mawese iliyofungwa mifuko juu ya mifuko, na pilipili. Kutoka Louisville mpaka Buffalo ni safari ya kutwa, na tulikuwa tunaenda likizo ya ufukweni. Mimi nilipakia nguo ya kuogelea, kofia na mafuta ya jua. Mama alipakia jiko zima, kasoro moto.

Buffalo anakaa mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa. Mama ndiye aliyemlea, kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kabla mimi sijazaliwa. Ulipofika wakati wa kuletwa Amerika, faili zao zilikuwa mbili tofauti. Yeye akapelekwa Buffalo, sisi Louisville, na tangu waagane uwanja wa ndege walikuwa hawajaonana uso kwa uso.

Wiki moja kabla ya safari alinipigia simu mimi, siyo mama.

"Sikiliza. Mimi nataka muhamie huku," alisema. "Nitamlisha mama yako kila mahali pazuri pa mji huu, mpaka aseme mwenyewe. Wewe nyamaza tu. Hiyo kazi unaiweza."

Ni kweli naiweza. Mwaka wangu wote wa kwanza wa sekondari nilikula chakula cha mchana maktaba, nimejificha nyuma ya rafu, ili nisilazimike kuchagua meza. Kwa hiyo sikuwa mtu wa katikati katika jambo hili. Nilitaka kuhama kuliko mama mdogo alivyotaka tuhame. Usiku niliomba chakula cha Buffalo kiwe kitamu.

Tulipumzika Columbus, mtaa wa Linden, kwa mama mmoja Mrundi aliyekuwa jirani yetu kambini. Hakutuuliza kama tumechoka. Mama alikuwa bado anafungua kamba za viatu, tayari ameshawekewa kisu mkononi na viazi mbele yake. Mimi nikaelekezwa kwenye vikombe. Walipika huku wanasemana na kucheka, wakimcheka hasa mwalimu fulani wa kwaya aliyekuwa akiimba macho yamefumba mpaka siku moja akaanguka jukwaani. Tulikula maharage, viazi na chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, tumesimama nusu, tumekaa nusu. Tuliporudi garini mama alisema yule ni mtu wake kabisa, umeona, hata kiti hakumpa.

Hilo nililisikia na kulipitisha tu. Ningelishika, ningeokoa siku mbili.

Mama mdogo alikuwa ametungoja kwenye ngazi za nje, nyumba ya ghorofa karibu na barabara ya Bailey, amevaa gauni la njano na rangi ya mdomo. Walikumbatiana muda mrefu hadi mimi nikaanza kusoma namba za magari yaliyoegeshwa. Kisha mama mdogo akalibeba sanduku letu juu, akasukuma vitu vyote ndani ya friza, akafunga mlango wa friza kwa goti.

"Bon, hivyo vitangoja. Msivue viatu."

Tukaenda Lackawanna, ule mji wa zamani wa viwanda vya chuma, kusini kidogo. Alituambia siku ya Ijumaa watu wote huku hula samaki, na nilipofungua mlango wa ule mkahawa niliamini. Familia nzima nzima zilikuwa zimebanana kwenye meza za mbao, bibi, wajukuu, wanaume wenye mikono ya kazi, na kila mtu mbele yake kuna samaki mmoja mrefu kupita sahani, mkia huku, bega kule, ameviringishwa unga na kukaangwa mpaka analia chini ya uma. Pembeni kabichi iliyokatwakatwa, tambi baridi, viazi. Sijawahi kula kitu kikavu nje na laini ndani namna ile. Nilipuliza vidole nikaendelea.

Mama alimgeuza wake, akamtazama chini na juu.

"Kichwa wamekipeleka wapi?"

Mama mdogo alimtafsiria mhudumu swali hilo hilo, bila aibu, kwa Kiingereza chake kinachopita katikati ya kila kitu kama pikipiki. Mhudumu akacheka, akasema atauliza jikoni. Ninamhusudu mama mdogo kwa hilo. Mimi Kiingereza changu ni kizuri kuliko chake, na ningekufa kwanza kabla ya kuuliza habari za kichwa.

Jumamosi asubuhi mama aliamka akaenda kwenye friza. Nilimsikia akiuliza kama leo wanapika. Mama mdogo akamshika mabega, akamrudisha kwenye kochi.

"Yaya, leo hupiki. Keti."

Yaya ndivyo wanavyoita dada mkubwa kwetu Uvira, Kongo. Mama akaketi. Tukaenda kunywa kahawa na kula mayai mahali penye viti virefu, ambapo mpishi alimjua mama mdogo na kumwekea sosi yake ya pilipili kabla hajaomba.

Halafu ufukweni. Niseme ukweli, nilidhani ziwa ni ziwa. Mimi nilizaliwa kambini, ziwa la kwetu nalijua kwa masimulizi ya mama tu. Hili la Buffalo lilikuwa na mchanga, na mawimbi, na ndege weupe wanaoiba chipsi mkononi mwa mtu mzima bila haya. Upande mmoja mitambo ya upepo ilikuwa inazunguka polepole pale palipokuwa na viwanda. Mama mdogo alinyoosha kidole akasema kule mbali ni Kanada. Mimi sikuona kitu, nikakubali.

Palikuwa na kibanda cha soseji. Zinachomwa juu ya mkaa wa kweli, siyo gesi, mpaka ngozi inapasuka na kuwa nyeusi kidogo, na harufu ile ilinirudisha kambini jioni, moto wa kila mlango. Mama mdogo alinipa kazi ya kuagiza. Nilisema. Muuzaji akainama. Nikasema tena.

"Sauti umeiacha Louisville?" aliniuliza mama mdogo nyuma yangu, na foleni yote ikageuka, ingawa hakuna aliyeelewa.

Nilipata soseji. Nilipata pia kinywaji chekundu kinachokaribia rangi ya zambarau, baridi sana, cha matunda fulani ya porini ambayo jina lake la Kiswahili silijui na nadhani halipo. Kina utamu kama wa sharubati na mwisho wake kinakwaruza kidogo. Ningekinywa kila siku ya maisha yangu. Baadaye aiskrimu nzito, ya mayai, inayokataa kuyeyuka hata juani. Kila tulipokwenda mama mdogo alipajua, saa gani foleni ni fupi, meza ipi ina kivuli, nani anajaza glasi mara ya pili ukimchekea. Niliona fahari kutembea naye.

Mama alikula kila kitu. Alisema asante kila mara, na hilo lilianza kunitisha, kwa sababu mama hasemi asante kwa ndugu zake. Pale mchangani alikaa kwenye kiti cha kukunja, magoti pamoja, mkoba mapajani, kama anayengoja kuitwa na daktari.

Jioni tulikula mkate wa nyama. Mkate wenyewe juu una punje kubwa za chumvi, ndani nyama ya ng'ombe laini inayochuruzika, na kitu fulani cheupe cha kupaka ambacho mama mdogo alituonya tuweke kidogo. Mama aliweka kama siagi. Macho yakamtoka, machozi yakashuka, akashika pua.

"Hawa watu wanakula ili walie?"

Tulicheka wote, na nikafikiri basi, mambo yameiva. Tukarudi nyumbani mapema maana usiku ule ulikuwa wa sikukuu ya uhuru wa Amerika, na mama hapendi milio ya fataki. Mama mdogo akaingia kuoga. Nilipoingia chumbani nikamkuta mama anakunja nguo zetu.

Alisema tunaondoka kesho asubuhi. Tulikuwa tukae mpaka Jumanne. Nilimuuliza kwa Kiingereza kwa nini, ninavyofanya nikiogopa, naye akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, bila kuniangalia.

"Hata maji ya chai sijachemsha humu ndani. Sombe yangu imekaa kwenye friza kama ya mtu mwingine. Ananitembeza kama mgeni. Bon, mgeni anarudi kwake."

Ndipo nikakumbuka Columbus, kisu na viazi. Hapo nilielewa kwamba mama mdogo alikuwa anajenga kwa mkono huu na kubomoa kwa mkono ule, na kwamba hakuna mwingine ndani ya nyumba aliyejua pande zote mbili isipokuwa mimi, niliyeajiriwa kunyamaza.

Nilisimama kwenye ukumbi mdogo mpaka mlango wa bafu ukafunguka. Mama mdogo alitoka na taulo kichwani.

"Mama anafikiri humtaki jikoni kwako," nilisema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga, na mama akaisikia chumbani.

Mama mdogo alinitazama, kisha akanipita, akasimama mlangoni mwa chumba, akaona nguo zilizokunjwa.

"Yaya. Mimi ndiye nisiyekutaka?" Taulo lilianguka, hakuliokota. "Ulinipikia tangu mama yetu afe. Ulikuwa unatoka kutafuta kuni, unaweka kuni chini, unapika. Sijawahi kukuona unakula umekaa. Nilijisemea siku nikipata mshahara wangu, huyu atakaa, na mtu mwingine ndiye asimame amletee."

Mama aliketi kitandani na sketi yangu mkononi.

"Nimekaa," akasema. "Siku mbili nimekaa. Kiuno kinaniuma kwa kukaa."

Mama mdogo akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mama akainuka, akatupita wote wawili, akaenda jikoni kuanza kufungua makabati. La kwanza tupu. La pili sahani mbili na vikombe. La tatu sufuria moja, ndogo, ya mpini. Akaitoa, akaigeuza chini ya taa.

"Unapikia nini na hii?"

"Yai."

"Donc, kwa hiyo siku nyingine unakula wapi?"

Mama mdogo alijifuta macho. Anafanya kazi ya kutunza wazee, na alisema kule kazini huwa anakula, na akiwa na nafasi huenda pale kwa samaki, au pale ufukweni. Mama akauliza na nani. Akasema na nani tena, Yaya, na mimi mwenyewe.

Nikawaza kuhusu zile meza zote, ile yenye kivuli, mpishi aliyejua sosi yake. Nilikuwa nimehusudu ujuzi wake siku mbili bila kujiuliza aliupata vipi. Mimi nikiwa peke yangu huenda nyuma ya rafu. Yeye alikwenda akakaa katikati, akaagiza samaki mzima.

Mama alikuwa bado ameshika sufuria. Akauliza kama huku sufuria kubwa zinauzwa. Mama mdogo akasema zipo, hata Bailey zipo, Jumatatu wakifungua atanunua.

"Usinunue," mama akasema. "Zangu zipo mbili kule. Nitakuja nazo."

Hakuna aliyeruka kwa furaha, ingawa tulielewa kwamba amekubali. Mama mdogo aligeukia friza, akatoa sombe iliyoganda kama jiwe, akaiweka kwenye sinki ipate kuyeyuka.

Asubuhi yake, Jumapili, mama aliniambia sombe haitaingia kwenye kile kijisufuria na kwamba mtu ashuke kwa jirani wa chini kuazima. Wote wawili wakanitazama. Nilishuka. Niligonga, mama mmoja mzee mwenye gauni la kulalia akafungua, nikamwambia sisi ni wa juu, tunapika, tunahitaji sufuria kubwa kuliko zote alizonazo. Hakuinama. Alinisikia mara ya kwanza. Nilipanda nayo ngazi nimeikumbatia, na nilipoingia mama mdogo, bila kuniuliza kama nimechoka, akanipa kisu na kuninyooshea kidevu kwenye vitunguu.