Ijumaa Tuliyoparua Maua ya Mama

Ufagio wa vijiti ukipita juu ya udongo mkavu hutoa sauti ambayo mtu aliyekulia kwetu hawezi kuisahau. Ulianza kabla jua halijachomoza, nyumba hii, kisha ile ya ng'ambo ya bonde, kana kwamba wanawake wote wa Nyansiongo wameitana. Ua ulifagiwa mpaka ukang'aa. Jani likiota mbele ya mlango wa mwanamke, watu walijua kwamba ndani anaishi mvivu, na kama si mvivu ni mgonjwa, na kama si mgonjwa basi anafuga nyoka. Nililelewa katika imani hiyo kama nilivyolelewa katika Sabato, na nilipofika miaka tisa nilikuwa fundi wa ufagio. Wageni walinisifu, nami nilipenda sifa kupita kiasi. Bado nazipenda, sitaki kuwadanganya.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Tulikuwa tumehama kutoka Kiogoro, ambako mashamba ya ndugu yalikuwa yamebanana, baada ya Baba kupata shamba katika ardhi iliyoachwa na walowezi. Nyansiongo ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, nafasi tele, na ng'ombe wa maziwa wenye viwele ambavyo sikuwahi kuona. Nyumba yetu ilikaa kwenye mteremko, na jiko, ambalo lilikuwa kijumba cha peke yake cha udongo na nyasi, lilikaa upande wa chini. Mama alilikandika kwa mikono yake mwenyewe na alilipenda jiko lile kuliko nyumba kubwa. Tatizo lilikuwa ukingo uliokuwa chini yake. Kwetu mvua hunyesha kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na kila iliponyesha ukingo ulimegeka kidogo. Baba, mtu wa maneno machache, alisema kwamba masika yakiisha na udongo bado unamegeka, atabomoa jiko na kujenga jingine kando ya zizi. Mama hakutaka hata kulisikia neno hilo. Apikie karibu na mbolea, inzi waonje mboga kabla ya wenyewe?

Kulikuwa na nyumba tupu ya Mzungu aliyekwisha kuondoka, na Mama alikuwa akipita hapo akienda kuchota maji. Kwenye ngazi zake za mawe kulikuwa na mmea uliotambaa, wenye majani membamba na maua madogo yanayofunguka meupe, kisha yakizeeka yanakuwa ya waridi, hivi kwamba kichaka kimoja kina rangi mbili. Hakuna aliyeutunza. Hakuna aliyeumwagilia maji. Mama aliona kwamba pale ulipotambaa udongo ulikuwa umetulia, ingawa ngazi zenyewe zilikuwa zimeachwa kwa mvua na mbuzi. Akachuma vijiti, akaja navyo kwenye kikapu, akavichomeka ukingoni safu kwa safu. Alinipeleka nione. Aliniambia mizizi itashikana chini kwa chini kama watoto wanaolala kitanda kimoja, na jiko letu litapona. Jirani mmoja alipita, akauliza kama mmea ule unaliwa. Mama akasema hauliwi. Akauliza basi kama ng'ombe wanaula. Mama akasema hawaupendi. Mwanamke yule alicheka mpaka akaliweka chini furushi lake la kuni.

Miezi miwili haikupita kabla ya mmea kushika. Ukingo ulianza kufunikwa, maua yakatoka, na mvua ikinyesha maji yalishuka yakiwa karibu meupe badala ya mekundu. Hapo ndipo Magokoro alipokuja. Magokoro ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii, na huyu alikuwa mama yake Baba, aliyekataa kuhama nasi kutoka Kiogoro kwa sababu, alisema, hawezi kuzeekea kwenye baridi ya watu wengine. Alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza, akiwa amenyooka kama mlingoti, na Mama hakulala vizuri wiki nzima. Alitaka sana mama mkwe wake aipende nyumba yetu. Mama yake mwenyewe alikuwa amefariki kabla sijazaliwa.

Ijumaa kwetu ni siku ya maandalizi. Chakula cha Sabato hupikwa, nguo hupigwa pasi na ua husafishwa kabla jua halijatua, maana likishatua kazi imekwisha. Kesho yake akina mama wa kanisa walikuwa waje kula kwetu baada ya ibada. Mama alikwenda sokoni Keroka asubuhi, akaniacha na Magokoro. Magokoro aliuzunguka ua, akaukuta safi, akanisifu. Kisha akafika jikoni, akachungulia chini, akashika kiuno. Alisema kumbe mkamwana wake ameacha kichaka kiote mpaka ukutani, na kesho watu wa kanisa watakiona. Alisema tumfanyie kazi kabla hajarudi, afurahi. Akaniletea jembe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilijua. Nilijua kila kijiti kilichomekwa wapi. Lakini mtoto hamkatalii Magokoro, na hata kama angemkatalia, mimi nilikuwa nasifiwa. Aliniambia nyumba nitakayoolewa itabarikiwa, nami nikaparua kwa moyo wangu wote. Kufikia adhuhuri ukingo ulikuwa mwekundu na mtupu, nasi tukaufagia juu kwa ufagio wa vijiti. Mimea tuliilundika nyuma ya zizi. Magokoro aliketi kunywa chai ameridhika kabisa.

Mama alirudi saa tisa na mzigo kichwani. Alisimama kando ya jiko. Nilimwona akitazama chini, nami nikajitia kuchezea kamba. Mkamwana wa kwetu hamrudishii mama mkwe wake neno. Alitua mzigo polepole, akasema, "Asante, mama. Pamekuwa safi." Kisha akaingia jikoni kupika, na hakutoka huko mpaka jua lilipotua na Sabato ikaingia.

Kesho yake, wageni wakiwa wameshiba na wanaimba sebuleni, mvua ilikuja. Mimi na Magokoro tulikuwa jikoni tukipasha chai moto kwa makaa yaliyofukiwa tangu jana yake. Tukasikia kishindo kizito. Kipande cha ukingo chenye ukubwa wa kitanda kilikuwa kimeteremka, na nguzo ya pembeni ya jiko ilikuwa imebaki nje, uchi. Maji yalikuwa mekundu kama damu ya kuchinja. Magokoro akamwita Mama na kumuuliza mimea ile ilikuwa ya nini. Mama akamweleza, kwa sauti ya chini, habari ya mizizi, na ya Baba na zizi. Magokoro akaniangalia. Nilitazama miguu yangu.

"Mtoto hakujua," akamwambia Mama. "Kosa ni langu."

Akavua kitambaa chake cheupe cha Sabato, akakiweka juu ya kinu, akatoka kwenye mvua. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kuwasha hata kuni siku ya Sabato. Alikwenda nyuma ya zizi, akajaza kikapu ile mimea iliyonyauka, akashuka ukingoni kwa magoti, akaanza kuisukuma matopeni kwa vidole. Mama alimfuata, nami nikamfuata Mama. Wageni walijaa mlangoni. Mmoja akasema kwa upole kwamba leo ni Sabato.

"Ng'ombe akitumbukia shimoni leo," Magokoro akamjibu bila kugeuka, "utangoja jua litue ndipo umtoe?"

Walitazamana. Kisha yule jirani aliyekuwa amecheka siku ya kuni akakunja sketi yake, akashuka, na wengine wawili wakafuata. Ninavyokumbuka, ile ndiyo ibada niliyoifurahia kuliko zote za utoto wangu. Jumapili Baba alikita magogo na mawe chini ya ile nguzo bila kulitaja zizi tena. Mmea haukutubembeleza wala kutununia. Ulishika tena, na masika yaliyofuata ukingo wote ulikuwa zulia la rangi mbili. Vipande tulivyovisambaza kwa ufagio navyo viliota, mpaka njia ya chooni ikawa na maua. Jiko halikubomolewa. Magokoro aliongeza wiki, kisha mwezi, na mwishowe akasema baridi ile si mbaya sana. Alizeekea kwetu.

Mimi ile siri niliificha miaka mingi. Nilimwambia Mama nikiwa nina watoto, yeye akiwa mzee, tukiambua maharagwe.

"Nilijua," akasema. "Si mimi niliyekuonyesha?"

Nikamuuliza kwa nini hakunichapa.

"Fimbo ingekupata wewe, lakini ingemuuma yeye. Angepanda gari la kwanza kurudi Kiogoro. Nami nilitaka mama."

Siku hizi kwetu mambo ni tofauti. Tunajenga kwa mawe, tunaweka saruji mlangoni, na mtu akikosewa anasema papo hapo, tena mbele ya watu, ndiyo inaitwa kuwa wazi. Nami ni mtu wazi. Mwaka juzi nilipokuwa Kisii kutibiwa goti, mkamwana wangu alileta mafundi wakatandika matofali ya saruji mbele ya nyumba yangu yote, juu ya kila kilichoota, ili nisitembee kwenye matope. Alitaka kunishangaza. Niliporudi nilimwambia kila nilichofikiri, mbele ya mafundi wake, wala sikukosea hata neno moja. Tangu siku hiyo Sabato zangu nakula na redio.

Jana nilimpigia simu kumwalika. Akasema atakuja na watoto Sabato hii. Nimechinja kuku wawili, na nimejiapiza kwamba siku hiyo mdomo wangu utafanya kazi ya kutafuna tu.